Shajara ya mradi: pete ya fedha yenye kigae cha kauri

Zoezi la muhula huu ni pete moja ya fedha ya 925 (sehemu 925 za fedha katika 1000, zilizobaki ni shaba) yenye kitu kilichofungwa kwa ukosi, yaani ukuta mwembamba wa fedha unaozunguka kito na kulazwa juu ya ukingo wake. Mahali pa kito pamewekwa kigae cha chombo cha buluu na nyeupe, kwa kufuata pete za vigae ambazo masonara wa Lamu wamezoea kuzitengeneza. Kwa macho ni kazi rahisi kuliko pete ya kito. Kwa mkono ni kinyume chake. Kito cha dukani huja kimeshasagwa, mgongo bapa na ukingo sawa pande zote, lakini kigae huja na mpindo wa chombo kilichovunjika, unene usiolingana, na glezi, yaani utando wa kioo juu ya kauri, inayobanduka ukikigusa pabaya. Vipimo vyote vya fedha hapa chini vimetokana na kigae, ndiyo maana hakuna bamba lililokatwa kabla kigae hakijakamilika.

Wiki ya 1: kuchagua kigae

Kwanza suala la kinapotoka. Vigae vya magofu haviokotwi. Nchini Kenya vinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006, na Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hata bila sheria, kipande cha kauri ya Kichina kilichoachwa kwenye tabaka lake la udongo Gedi au Kilwa Kisiwani humsaidia mwanaakiolojia kukadiria umri wa ukuta uliopo juu yake. Kikishatiwa mfukoni hubaki kuwa urembo tu. Vyombo vya nyumbani vinavunjika kila siku, na bakuli la juzi hufanya kazi hii sawasawa.

Kauri hutofautiana na udongo wa kawaida uliopakwa glezi, na tofauti hiyo ina uzito baadaye kwenye maji ya tindikali ya kusafishia. Dondoshea tone la maji kwenye ubavu uliovunjika. Likikaa juu, ni kauri. Likinywewa, ni udongo, na udongo huo utanyonya pia rangi ya kutia weusi na kubaki na doa ukingoni. Angalia na rangi yenyewe: buluu ya kobalti iliyochorwa chini ya glezi haifutiki, ila rangi nyekundu na dhahabu zilizopakwa juu ya glezi huchujuka zikikutana na dawa za kung'arisha. Pitisha ukucha, rangi ya juu huhisika kama kijivimbe.

Umbo la chombo ndilo linalowatega wengi. Kipande kutoka ndani ya sahani karibu na mdomo kimebonyea katikati, kwa hiyo ukingo wake ndio sehemu ya juu kabisa, na ukosi utalala juu ya ncha kali isiyo na mahali pa kushikia. Kipande kutoka nje ya bakuli kimebinuka, ukingo uko chini, na fedha hulala juu yake bila ubishi. Kiasi cha kubinuka hupigiwa hesabu: nusu ya urefu wa kipande, zidisha kwa yenyewe, gawanya kwa kipenyo cha mpindo. Kipande cha mm 16 kutoka bakuli lenye kipenyo cha mm 160 hubinuka mm 0.4. Kutoka kikombe chenye kipenyo cha mm 80 hubinuka mm 0.8, na hapo ukosi wa kimo kimoja hautafaa tena. Kilichochaguliwa ni cha bakuli.

Uchaguzi wa picha hufanywa kwa kadi yenye tundu la mviringo wa yai, mm 16 kwa 12, inayotelezeshwa juu ya kigae. Jani moja lililokatwa katikati huvutia kuliko ua zima lililobanwa kwenye tundu.

Wiki ya 2: kusaga

Mstari wa yai huchorwa kwa kalamu isiyofutika juu ya mkanda wa karatasi uliogandishwa kwenye glezi. Mkanda unasaidia pia kuishika glezi isiruke. Kata nje ya mstari kwa diski ya almasi, uso wenye glezi ukielekea upande ambao meno ya diski yanaingilia. Diski ikiingia kutoka kwenye glezi kwenda mwilini, huikandamiza glezi. Ikitokea nyuma, huisukuma nje na kuibandua, na ukingo unabaki na mapengo meupe yasiyofichika.

Kila kitu kifanyike kwenye maji. Vumbi la kauri lina silika, na silika kavu huharibu mapafu polepole bila kukohoza mtu siku hiyo. Barakoa ni nyongeza, haichukui nafasi ya maji.

Mgongo unasagwa bapa kwenye sahani ya almasi ya namba 200, kisha 400. Kigae kilikuwa na unene wa mm 3.8 na kimeshushwa hadi 3. Kipimo cha ubapa: kiweke juu ya kioo na ubonyeze kila pembe kwa kidole. Kikicheza hata kidogo, rudi kwenye sahani. Fedha hujipinda ukiisukuma, kauri haijipindi. Kigae kinachocheza juu ya kitako chake, yaani bamba la fedha lililo chini yake, kitavunjika siku ya kufungwa, baada ya kazi yote kwisha.

Ukingo una sehemu mbili. Nusu ya chini, mm 1.5, imesimama wima. Nusu ya juu imeinamishwa kuelekea ndani kwa digrii 20 hivi. Ukosi utapanda mm 1 kupita pale mwinamo unapoanzia, na kwa digrii 20 hiyo ni nafasi ya mm 0.36 ya kulalia kila upande. Inatosha. Mwinamo mdogo kuliko huo haushiki, na ukizidi sana ukosi hujikunja mikunjo kwa sababu fedha ina mduara mkubwa wa kupunguza. Ukingo wa chini kabisa nao umekwanguliwa mm 0.3, na sababu yake iko kwenye sehemu ya kulehemu.

Kabla ya kutoka hatua hii, kalipa (kifaa cha kupimia unene) izungushwe kigae kizima. Kwa kuwa mgongo ni bapa na uso umebinuka, kimo cha ukingo kwenye ncha za yai ni kidogo kuliko cha ubavuni. Hapa tofauti ni chini ya mm 0.2 na tupa itaimaliza.

Wiki ya 3: vipimo na kukata

Ukosi ni wa fedha safi, si 925, unene mm 0.3. Fedha safi ni laini zaidi na huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, wakati 925 huanza kuyeyuka kwenye 802. Kwa ukuta mwembamba hivi tofauti hiyo ndiyo salama yako.

Urefu wake: jumlisha urefu na upana wa kigae, gawanya kwa mbili, ongeza unene wa fedha, zidisha kwa 3.1416. Yaani 14 na 0.3 ni 14.3, na jawabu ni mm 44.9. Kanuni hii ni ya duara. Kwa yai hupunja kidogo, na hapa kipimo cha kweli ni mm 45.1. Umekatwa mm 45.5 na kupunguzwa kwa tupa. Kuhakiki, zungusha ukanda wa karatasi kwenye kigae, choma sindano pale unapopandana, ufungue, upime kati ya matundu mawili. Karatasi na hesabu vikipishana zaidi ya nusu milimita, amini karatasi, kwa sababu yai lililosagwa kwa mkono si yai la kitabuni.

Mwili wa pete una kipenyo cha ndani cha mm 18, unene 1.5, upana 5. Urefu wa bamba ni 18 na 1.5 mara 3.1416, yaani mm 61.3. Wanaosahau kuongeza unene hupata pete inayokwama kwenye kifundo cha kidole. Kitako ni bamba la mm 0.8, kipande cha 21 kwa 17. Kamba ya urembo ni nyaya mbili za mm 0.6 zilizosokotwa pamoja, mm 60, zitakazobaki 50 baada ya kukata. Fedha yote ya kuanzia ni gramu 8.5 hivi bila lehemu. Makapi na vumbi la msumeno hukusanywa kwenye ngozi iliyo chini ya meza. Vumbi lenye chuma hupitishiwa sumaku kwanza, na vumbi lenye lehemu huwekwa chombo chake.

Msumeno: uzi, yaani ukanda wake wenye meno, wa namba 2/0 kwa bamba la mm 1.5, na 4/0 kwa la mm 0.8. Uzi wenye meno mapana kuliko unene wa bamba hukwama na kukatika, na mara nyingi lawama hupewa mkono. Uzi ukazwe mpaka utoe mlio mkali ukiuchapa kwa kucha, meno yaelekee chini, nta ya nyuki ipakwe nyuma ya uzi wala si kwenye meno.

Katikati ya kitako limetobolewa tundu la yai la mm 9 kwa 5. Linapunguza uzito, na kigae kikikwama wakati wa kujaribu husukumwa kutokea nyuma. Bila tundu hilo utakuwa ukigongagonga pete mezani na kuomba.

Alama ya 925 imepigwa kwenye bamba la mwili likiwa bado bapa juu ya fuawe, nyundo moja nzito. Ukigonga mara mbili alama hujirudia na kuonekana kama kivuli.

Wiki ya 4 na ya 5: kulehemu

Karakana nyingi huanzishia wanafunzi kwa shaba nyekundu kwa sababu ya bei. Kwa msumeno na tupa ni sawa. Kwa moto shaba hudanganya, maana huyeyuka kwenye nyuzi 1085, na aliyezoea kuiacha iwake rangi ya chungwa atairudia tabia hiyo kwenye fedha na kuiyeyusha mezani. Mazoezi ya moto yafanywe kwa makapi ya fedha.

Lehemu zilizotumika ni tatu: ngumu hutiririka kati ya nyuzi 745 na 778, ya kati 720 hadi 765, laini 705 hadi 723. Kumbuka 925 huanza kuyeyuka kwenye 802. Kutoka lehemu ngumu kukamilika hadi mwili wa pete kuanza kulegea ni nyuzi 24 tu, na kwa tochi ya gesi hizo ni sekunde. Unazuia ajali kwa kuangalia rangi ya fedha, si lehemu. Zima taa za juu ya meza ya moto, vinginevyo wekundu hauonekani hadi umechelewa.

Kiungo cha ukosi kimelehemiwa kwa lehemu ngumu. Ncha mbili zikutane kiasi kwamba ukizishika mbele ya dirisha hakuna mwanga unaopita. Lehemu haizibi pengo, hupita tu kati ya vitu vinavyogusana. Kipande kimoja cha nusu milimita kinatosha, kikiwekwa ndani. Boraksi, unga unaosaidia lehemu itiririke, imesagwa kwa maji kwenye kigae cha udongo hadi iwe nzito kama maziwa. Moto upitishwe kwanza kwa mbali hadi maji yakauke, la sivyo boraksi huchemka na kurusha lehemu nje.

Kulehemu ukosi juu ya kitako ndiko kunakoharibu pete nyingi. Ukosi una uzito wa theluthi moja ya gramu, kitako karibu gramu 3, hivyo ukielekeza moto juu, ukosi huwaka na kulegea wakati kitako bado cheusi. Kitako kiliwekwa juu ya wavu wa chuma kwenye stuli ya miguu mitatu na kupashwa kutokea chini, moto mpana na laini. Lehemu ya kati, vipande tisa vya mm 1, vimepangwa ndani ya ukosi kila baada ya mm 5, kila kimoja kikigusa ukuta na sakafu kwa pamoja. Lehemu hufuata joto. Ikionekana mstari unaong'aa umetoka nje ya ukosi kuzunguka kote, ondoa moto hapo hapo. Kuendelea "kwa uhakika" huchemsha zinki iliyomo kwenye lehemu, na zinki ikitoka huacha vitundu vidogo ambavyo vitajitokeza kwenye kung'arisha.

Makosa na chanzo chake: lehemu ikijikusanya duara na kukataa kusambaa, kuna uchafu, mafuta ya vidole, au boraksi imeungua. Usiongeze moto. Acha ipoe, safisha, anza upya. Lehemu ikipanda ukutani badala ya kuingia kwenye kiungo, ukosi ulikuwa na joto kuliko kitako. Na lehemu ikibaki kilima kwenye kona kati ya ukuta na sakafu, kigae hakitakaa chini. Ndipo ule ukwanguzi wa mm 0.3 kwenye ukingo wa chini unapolipa.

Kamba iliyosokotwa iliongezwa moto wa pili, lehemu ya kati, vipande vidogo sana vya robo milimita. Lehemu ikizidi hujaza mifereji ya kamba na kuifanya waya wa kawaida. Wakati wa kuisokota, nyaya mbili hubanwa kwenye jiliwa upande mmoja na kwenye kekee ya mkono upande wa pili. Zilainishwe kwa moto zikianza kukakamaa, kabla hazijakatika.

Baada ya kila moto pete isubiri wekundu upotee, izimwe kwenye maji, ndipo iingie kwenye tindikali ya kusafishia: asidi ya sitriki gramu 100 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu. Usitumbukize fedha ya moto kwenye tindikali, mvuke wake ni wa kuchoma macho. Koleo la chuma likiguswa ndani ya maji hayo, fedha yote hutoka na utando wa waridi wa shaba. Tumia koleo la shaba au la plastiki. Mwishoni pete ichovywe kwenye maji ya magadi, kwa sababu tindikali iliyojificha chini ya kamba hujitokeza wiki kadhaa baadaye kama ukijani.

Wiki ya 6: mwili wa pete

Bamba limelainishwa, likakunjwa kwa nyundo ya mbao kwenye mlingoti wa chuma (fimbo ya kukunjia pete), kiungo kikafungwa kwa lehemu ngumu. Hatua nyepesi. Kigumu ni pale mwili unapokutana na kitako: duara linagusa bapa kwenye mstari mmoja tu. Sehemu ya juu ya duara, palipo na kiungo, imetiwa tupa hadi ikawa bapa kwa urefu wa mm 8, na kiungo kikafichika chini ya kitako.

Hapa lehemu ni laini. Kiungo cha ukosi na cha kamba vimepakwa uji wa udongo mwekundu wa kung'arishia ili lehemu ya zamani isitembee. Pete imesimamishwa kichwa chini, kitako kikiwa juu ya tofali la moto, na moto umeelekezwa zaidi kwenye mwili mnene. Kabla ya kuwasha, tazama kutoka mbele na kutoka ubavuni kwamba mwili umesimama katikati. Kuunyoosha baada ya hapo ni kuufungua tena wote.

Wiki ya 7: kung'arisha na kutia weusi

Vyote hivi hufanyika kigae kikiwa bado nje. Msasa wa namba 400, 600, 800, 1200, kila namba ikikata mistari ya iliyotangulia kwa kuvuka. Ukiruka namba moja utaiona mikwaruzo yake chini ya mng'aro, na hakuna dawa isipokuwa kurudi.

Doa la moto hujitokeza hapa: kivuli cha kijivu kwenye fedha ya 925, kinachotokana na shaba iliyooksidika chini ya uso. Tindikali haikifikii. Ama kisagwe hadi kiishe, ama fedha ipashwe na kusafishwa mara kadhaa ili uso ubaki na fedha safi pekee. Kusaga ni bora kwa pete, maana ngozi ya fedha safi ni nyembamba na kidole huila upesi.

Kwenye mashine ya kung'arisha hakuna glavu, hakuna mtandio unaoning'inia, nywele zimefungwa. Pete hushikwa kwa namna ambayo mashine ikiinyakua itaondoka yenyewe bila kidole.

Kamba imetiwa weusi kwa salfidi ya potasiamu kwenye maji ya vuguvugu, kisha migongo ya msokoto ikasuguliwa. Maji yakiwa moto sana weusi huwa mnene na kubanduka kama magamba.

Wiki ya 8: kufunga kigae

Kigae hujaribiwa kikiwa na uzi uliopitishwa chini yake ili kiweze kuvutwa. Kiingie kwa msukumo wa kidole gumba, bila kugongwa. Kikibana, ukosi utanuliwe kidogo kutoka ndani. Kauri ikilazimishwa hupasuka kuanzia kwenye glezi.

Pete imebanwa kwenye kibano cha mbao, glezi imefunikwa kwa mkanda wa karatasi. Kisukumio cha shaba ya njano kinafaa kuliko cha chuma, na pembe zake ziwe zimeviringishwa. Sukuma sehemu moja, kisha ile inayoikabili, kisha mbili za ubavuni, halafu katikati yao. Anayeanza upande mmoja na kuzunguka hufika mwisho akiwa na fedha yote ya ziada imekusanyika mahali pamoja, na hapo hutokea kunjo lisilolala. Kwenye ncha za yai fedha ni ya kubana zaidi, kwa hiyo zimefungwa kwanza. Mwelekeo wa nguvu ni ukutani kuelekea kitako, kamwe si juu ya glezi.

Chuma cha kusugulia chenye uso ulionyooka na kung'arishwa kilipitishwa mwisho kuzunguka ukingo, kikilowanishwa kwa maji ya sabuni. Ukingo wa ndani ya ukosi haukutiwa msasa baada ya hapo, kwa sababu chembe za msasa ni ngumu kuliko glezi na mkwaruzo wake hautoki.

Hali ya sasa

Pete imekamilika. Kigae hakichezi, na ukucha haukwami ukipitishwa kutoka fedha hadi kauri, isipokuwa kwenye ncha moja ya yai ambapo ukosi ulibaki juu kwa unene wa nywele; hapo kimo kilipaswa kupunguzwa zaidi kwa tupa kabla ya kufunga.

Lililobaki ni ukubwa. Pete hii haiwezi kupanuliwa kwa moto kigae kikiwa ndani. Kufungua ukosi wa mm 0.3 mara moja kunawezekana, mara ya pili hupasuka ukingoni. Toleo linalofuata litakuwa na mwili ulio wazi kwa nyuma, ncha mbili zisizokutana, ili kipenyo kirekebishwe kwa mkono kwenye mlingoti. Unene wa mwili utaongezwa hadi mm 1.8, kwa sababu duara lililo wazi hujinyoosha likiwa jembamba.